Televisheni Itazamwe, Isitutazame

Baba mmoja wa mtaa wa Mudzipela, hapa Bunia, ametuletea swali ambalo twaona ni la nyumba nyingi, wala si la nyumba yake peke yake. Aliweka akiba kwa muda mrefu ili awanunulie watu wa nyumbani mwake televisheni. Siku ilipowadia alikwenda mjini, na mwenye duka akamwonyesha mbili zenye vioo vya ukubwa mmoja. Ya kwanza ni ya kuonyesha picha tu. Ya pili ni ile iitwayo "smati", maana yake yenye akili, nayo huunganishwa na mtandao wa intaneti. Bei yake iliizidi sana ile ya kwanza. Baba huyu alipoigusa ya kwanza, mwuzaji alicheka, akamwambia kwamba hiyo ni ya wazee wa shamba. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wake asema inunuliwe ile ya kawaida. Mtoto wao wa kwanza, mwanafunzi wa sekondari, asema kwamba wakifanya hivyo watachekwa na majirani. Naye baba atuuliza: "Nani kati yao asema kweli?"

Jibu letu ni kwamba mama asema kweli. Lakini jibu lisilo na sababu halimfundishi mtu, na kijana yule naye anastahili kuelezwa, si kunyamazishwa. Basi tutazame mambo haya moja baada ya jingine.

Kifaa chenye kazi moja

Televisheni ilipofika katika nchi zetu ilikuwa na kazi moja tu. Kenya iliipata mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kongo mwaka 1966, mjini Kinshasa. Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, hali wenzao wa Tanzania bara walingoja hadi mwaka 1994. Katika nchi hizo zote kifaa kilikuwa cha namna moja. Kilipokea mawimbi kutoka angani, kikayageuza kuwa picha na sauti. Kilipokea tu, hakikuweza kupeleka neno lolote kwa aliyekitengeneza. Ndivyo ilivyo redio pia. Watu wa Bunia waliosikiliza masomo ya Radio Candip jikoni mwao hawakuulizwa majina yao, wala redio haikumwambia mtu nani alisikiliza na nani alisinzia. Siku mnunuzi alipolipa fedha zake, biashara kati yake na kiwanda ilikwisha. Kitu kilikuwa chake.

Televisheni smati ni kitu kingine, ingawa kwa nje zafanana kama ndugu mapacha. Ndani yake mna kompyuta ndogo yenye programu zake. Kwa njia ya intaneti huleta filamu, nyimbo na michezo, na hilo ni jema. Lakini mlango unaoingiza ndio huo huo utoao. Televisheni ya zamani ilikuwa na mlango wa kuingilia tu. Hii mpya ina wa kuingilia na wa kutokea, na ufunguo wa huo wa pili mara nyingi hauko mikononi mwa mwenye nyumba.

Mgeni mwenye kupeleka habari

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, anayekaa nyumbani mwako ashiriki kazi ya nyumba. Televisheni smati hulipokea jembe vizuri sana mchana, lakini jioni huzunguka kusimulia yote aliyoyaona chumbani mwako. Je, mgeni wa namna hiyo utamtandikia kitanda?

Hatusemi hivi ili kuwatisha watu. Namna ya kazi hiyo inajulikana. Nyingi katika televisheni hizo zina programu ya kutambua picha. Programu hiyo huchukua vipande vidogo vya picha na sauti vinavyopita katika kioo, ikavigeuza kuwa alama za tarakimu, mfano wa alama ya kidole gumba mtu anayoiweka katika karatasi. Alama hizo hupelekwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, zikalinganishwa na alama za filamu, za michezo na za matangazo ya biashara. Zikilingana, kampuni yajua kwamba nyumba fulani ilitazama kitu fulani saa fulani. Habari hizo zikikusanywa miezi mingi, zaeleza watu wa nyumba ile hulala saa ngapi, kama wana watoto wadogo, hupenda nini na huogopa nini. Kisha huuzwa kwa wenye kutangaza bidhaa, nao hujua ni tangazo gani lipelekwe kwa nyumba ipi.

Mwezi Februari 2017 kampuni ya Marekani iitwayo Vizio ilikubali kulipa dola 2,200,000 ili kumaliza mashtaka yaliyoletwa na tume ya serikali ya nchi ile inayosimamia haki katika biashara, pamoja na jimbo la New Jersey. Ilishtakiwa kwamba ilikusanya habari za utazamaji kutoka katika televisheni milioni 11 bila wenyewe kujulishwa vema wala kukubali. Mwezi Desemba 2025 mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas alizishtaki kampuni tano, Samsung, Sony, LG, Hisense na TCL, kwa madai ya jinsi hiyo hiyo. Madai si hukumu, na haifai kumhukumu mtu kabla ya baraza. Hata hivyo majina hayo matano ndiyo tunayoyaona katika maduka yetu, na ni vema mnunuzi ajue lipi laulizwa.

Mtu aweza kujitetea akisema: "Mimi sitatazama vitu vya intaneti. Nitaunganisha dekoda yangu kwa waya, basi." Wataalamu wa vyuo vikuu vya Uingereza, Hispania na Marekani walilichunguza jambo hilo hilo katika televisheni za kampuni mbili kubwa, wakatoa majibu yao mwaka 2024. Waliona kwamba kutambua picha kunaendelea hata pale televisheni inapotumiwa kama kioo tu cha kifaa kingine kilichounganishwa kwa waya, maadamu yenyewe imeunganishwa na intaneti. Lakini waliona pia kwamba mwenyewe akikataa kwa kufuata njia zilizowekwa ndani ya televisheni, upelekaji ule ulikoma. Neno hili la pili tulishike, tutalirudia.

Kwa nini kampuni zinafanya hivyo? Kwa sababu faida imehama. Kioo chenyewe huuzwa kwa faida ndogo, maana wauzaji ni wengi na wanashindana kwa bei. Faida nono iko katika matangazo. Mwezi Desemba 2024 Walmart, lile duka kubwa la Marekani, lilikamilisha kuinunua Vizio kwa dola kama bilioni 2.3, nalo lilisema wazi kwamba lataka kukuza biashara yake ya matangazo. Kabla ya hapo, mwaka 2023, kampuni iitwayo Telly ilianza kuwapa watu televisheni bure kabisa. Bure yenyewe ilikuwa na masharti: chini ya kioo kikubwa pana kioo cha pili cha kuonyesha matangazo, na anayeipokea hukubali habari zake zikusanywe. Hapo kila mtu aona kwamba kilichouzwa si televisheni. Kilichouzwa ni macho ya watu waketio mbele yake.

Wanachokitafuta wenzetu

Kwa ajili hiyo, katika Ulaya na Marekani wako watu wengi sasa wanaotafuta televisheni isiyo na akili, isiyo na matangazo ndani yake, nao wanaipata kwa shida. Maduka yao makubwa yamejaa smati tupu. Huko Marekani kampuni ya Sceptre ni mojawapo ya chache zilizoendelea kuuza televisheni za kawaida. Wengine hununua vioo vinavyotengenezwa kwa ajili ya ofisi, hoteli na viwanja vya ndege, navyo kwa kawaida ni ghali zaidi. Wengine hutumia kioo cha kompyuta pamoja na spika za pembeni. Wengine huzunguka kutafuta televisheni kuukuu iliyotumiwa na mtu mwingine. Mtu tajiri wa nchi tajiri anaongeza fedha ili apate kitu chenye kazi chache!

Sasa turudi Bunia. Tembea katika maduka ya Boulevard de la Libération, kisha uingie soko kuu. Televisheni ya kawaida ungali unaiona mezani, mpya, ndani ya katoni yake. Bidhaa nyingi hutufikia kutoka Kampala kwa njia ya Mahagi na Aru, au kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, na wachuuzi wanaozileta wanajua wateja wao. Wanajua kwamba nyumba nyingi hazina umeme wa waya, ila paneli ya jua juu ya bati na betri pembeni ya ukuta. Kwa hiyo huleta televisheni ndogo za volti 12, ambazo hufungwa moja kwa moja kwenye betri. Wanajua pia kwamba intaneti kwetu hununuliwa kwa vipimo, na kwamba anayenunua mega kwa simu hana za kumwagia kioo cha ukutani.

Basi, kile ambacho Mmarekani anakitafuta kwa taa sisi tunacho mezani, nasi tunakicheka. Hii ndiyo sababu tumesema mama yule wa Mudzipela asema kweli. Hakuchagua kitu cha maskini. Alichagua kitu ambacho kikishalipwa ni cha wenye nyumba.

Tena jambo hili lina haraka kuliko jana. Kwa muda mrefu udhaifu wa mtandao ulitulinda bila sisi kujua, maana televisheni isiyopata intaneti haina njia ya kusimulia. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya posta na simu ya Kongo ilitoa ruhusa kwa Starlink, intanéti ya satelaiti, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imekatazwa. Intaneti yenye nguvu ikiingia mitaani, televisheni nyingi zilizokaa kimya zitaanza kusema.

Hesabu kwa wanafunzi

Wanafunzi, chukueni kalamu, mkawasaidie wazazi wenu kabla hawajatoa fedha.

Hesabu ya kwanza ni ya betri. Televisheni ya volti 12 yenye kioo cha inchi 24 hula wati 30 hivi. Ikiwashwa saa 4 kila jioni, hula wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi mnazo 300. Mkitoa 120 zabaki 180 kwa ajili ya taa za kusomea na simu. Sasa chukueni televisheni ya inchi 43 inayokula wati 80. Kwa saa 4 ni wati-saa 320. Betri imeshindwa kabla taa moja haijawashwa. Tuseme haki: tofauti hii yatoka katika ukubwa wa kioo, si katika akili iliyomo. Lakini dukani mambo hayo mawili hutembea pamoja, kwa kuwa vioo vikubwa karibu vyote siku hizi ni smati.

Hesabu ya pili ni ya intaneti. Filamu ya mtandaoni yenye picha ya kawaida yaweza kula gigabaiti 1 kwa saa. Picha ikiwa safi sana, yaweza kufika gigabaiti 3. Nyumba ikitazama saa 2 kila usiku kwa picha ya kawaida, mwezi wa siku 30 utakula gigabaiti 60. Waulizeni wazazi bei ya gigabaiti moja mnakonunua, mzidishe, mlinganishe jumla hiyo na karo ya muhula. Jibu tunawaachia ninyi.

Jinsi ya kuitambua

Sisi watu wa Ituri tumezaliwa karibu na dhahabu ya Kilo na Mongbwalu. Mnunuzi wa dhahabu hadanganywi na mng'ao. Huweka mizani mezani kwanza. Anayenunua televisheni afanye vivyo hivyo. Hii ndiyo mizani yake.

Kwanza, asome katoni. Akiona maneno Android TV, Google TV, webOS, Tizen, VIDAA au Roku, hiyo ni smati. Akiona Wi-Fi, hali kadhalika. Akikuta neno "Smart" peke yake bila hayo mengine, asiamini wala asikatae, maana wako wanaolibandika kama pambo tu. Aendelee kuchunguza.

Pili, atazame rimoti. Vitufe vyenye majina ya Netflix au YouTube, au kitufe chenye picha ya maikrofoni, ni ushahidi wa kutosha.

Tatu, ageuze televisheni, atazame matundu yake ya nyuma. Yafaa iwe na tundu la HDMI, hata mawili, kwa ajili ya dekoda na kompyuta. Tundu la USB kwa ajili ya fulashi. Tundu la antena. Na, kwa nyumba ya paneli, tundu la volti 12. Tundu la waya wa intaneti, linaloitwa LAN, ni alama ya smati.

Nne, aulize kama ina dekoda ndani yake. Alama DVB-T2 maana yake yaweza kupokea matangazo ya kidijitali kwa antena ya kawaida, na DVB-S2 kwa dishi. Isipokuwa na alama hizo, hajakosea, ila ajue kwamba atahitaji dekoda ya pembeni.

Tano, iwashwe palepale dukani. Televisheni ya kawaida huamka upesi, ikaonyesha picha au ikasema kwamba hakuna mawimbi. Smati hukawia, kisha huuliza mtandao wako ni upi na jina lako ni nani. Kifaa kinachokuuliza jina kabla hakijakuonyesha picha kimekwisha kujieleza.

Sita, aende na fulashi yake yenye filamu moja na wimbo mmoja, ajaribu. Aombe na risiti.

Kwa waliokwisha kununua

Wako wasomaji ambao smati ilikwisha kuingia nyumbani, labda ni zawadi ya ndugu aliye Kampala au Kinshasa. Wasiitupe, wala wasione haya. Mgeni mwenye kusimulia akifungiwa lango hana pa kwenda. Usiipe neno la siri la Wi-Fi. Ukiiwasha mara ya kwanza na ikakuomba mtandao, chagua kuruka hatua hiyo. Ikikuletea karatasi ndefu za kukubali, usikubali zisizolazimishwa. Kama ilikuwa imeunganishwa tayari, amuru isahau mtandao, au irudishe katika hali ya kiwandani na uanze upya. Baada ya hapo itumie kwa dekoda na fulashi, nayo itakuwa televisheni ya kawaida yenye bei ya juu.

Ikiwa yakupasa kuiacha katika intaneti, ingia katika mipangilio yake, utafute sehemu ya faragha na ya matangazo, uzime kutambua picha. Katika LG huitwa Live Plus, katika Samsung huitwa Viewing Information Services. Kampuni nyingine zina majina yao. Hapa ndipo neno lile la wataalamu lafaa: aliyekataa alisikilizwa. Lakini aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali.

Jihadharini zaidi na visanduku vidogo vya Android vya bei rahisi visivyo na jina la kampuni inayojulikana, ambavyo huahidi filamu zote bure. Mwezi Juni 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa onyo kwamba vingi katika vifaa vya namna hiyo vilikutwa na programu za wezi ndani yake, nyingine zikiwa zimetiwa kabla mnunuzi hajafungua katoni. Mwizi hutumia intaneti ya nyumba yako kufanya maovu yake, na nyayo zitakazofuatwa ni zako. Rahisi ni ghali.

Neno kwa yule kijana

Sasa tumgeukie mtoto wa kwanza wa nyumba ile, maana haja yake si ya kipuuzi. Katika intaneti kuna masomo ya hesabu, ya fizikia na ya lugha, na mwanafunzi wa Bunia anayahitaji kama mwanafunzi wa Bruxelles. Hatumwambii aache. Twamwambia tu kwamba akili ya kazi hiyo ikae katika kifaa kinachoweza kuondolewa. Simu au kompyuta ya nyumbani, ikiunganishwa na kioo kwa waya wa HDMI, yaleta somo lile lile kwa ukubwa ule ule. Si kila simu yakubali waya huo. Aulize fundi kabla ya kununua. Somo likiisha, waya huchomolewa, na televisheni haina cha kusimulia.

Tena kuna sababu ya uchumi. Kioo kizuri huishi miaka mingi, lakini kompyuta iliyomo ndani huzeeka upesi. Mwezi Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi katika televisheni kadhaa za Samsung zilizotengenezwa mwaka 2010 na 2011. Vioo vilikuwa vizima, akili ndiyo iliyokufa. Aliye na kioo cha kawaida na kifaa cha pembeni hubadilisha kifaa, akabaki na kioo. Mkulima mpini ukivunjika hatupi jembe. Huchonga mpini mwingine.

Kuhusu majirani watakaocheka, kijana, wakaribishe jioni. Waulize kama wanajua televisheni yao imempelekea nani habari zao leo. Hawatacheka mara ya pili.

Lisilotibiwa na kununua

Hatupendi kuuza dawa kwa kuisifu kupita nguvu zake. Televisheni ya kawaida haitaondoa matangazo yote. Stesheni zenyewe hutangaza pombe, hutangaza michezo ya kubahatisha, na watoto wanaona. Dekoda ya dishi isiyounganishwa na intaneti hupokea tu kutoka satelaiti wala haisimulii, lakini matangazo ya stesheni huyaleta vilevile. Tofauti ni kwamba tangazo hilo ni moja kwa nchi nzima. Halikutengenezwa kwa kumchungulia mtoto wako, kujua udhaifu wake, na kumngoja hapo. Na juu ya tangazo la namna hiyo mzazi anayo silaha ya kale: kitufe cha kuzima, na neno la kumweleza mtoto kwa nini limezimwa.

Sheria nayo imeanza kuamka. Tarehe 13 Machi 2023 Kongo ilipata sheria kuu ya mambo ya kidijitali, ambayo ndani yake mna ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za ulinzi huo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni jambo la kushukuru, na yafaa walimu waisome sheria hiyo na wanafunzi wao. Lakini sheria hulinda vema zaidi pale penye raia wanaojua kinacholindwa. Mtu asiyejua kwamba habari za nyumba yake ni mali hawezi kulalamika zikiibiwa.

Zamani mtu akijenga nyumba aliweka mlango, na karibu na mlango aliweka mahali pa kuketi, ili aone nani anaingia na nani anatoka. Hakuna aliyemwita mshamba kwa sababu hiyo, waliita busara. Nyumba za leo zina milango mingi isiyoonekana, na wajibu wa baba na mama haukupungua. Nunueni televisheni, ikawafurahishe watoto na kuwaletea habari za dunia. Lakini chagueni ile ambayo, mkiisha kuilipa, haina bwana mwingine ila ninyi. Na kama mnayo ile nyingine, lango lake lifungwe leo hii jioni, kabla ya kulala.